Uhamisho wa Mzazi ni Uhamisho wa Mtoto



Katika mikutano yetu hapana neno linalozungumzwa mara nyingi kuliko uhamisho. Mtumishi akipata barua, wenzake humwuliza mambo matatu: ametakiwa kuripoti lini, posho yake ni kiasi gani, na mkubwa wa kule ni mtu wa namna gani. Maswali haya ni ya haki, wala hatuyalaumu. Lakini twaona ya kuwa liko swali la nne ambalo aghalabu halina mwulizaji: watoto wake wana umri gani, watakwenda lini, na watasoma wapi? Kwa ajili hiyo tumetaka kulinena jambo hili katika gazeti letu, na khasa kwa habari ya wale wanaopelekwa katika miji midogo yenye vyuo vikuu. Miji hii ina tabia zake, na mtumishi mwenye watoto wadogo asiyezijua tabia hizo hupata taabu ambayo angeweza kuiepuka.

Shauri letu twalisema wazi tangu mwanzo. Mtumishi anayehamishiwa mji wa namna hii na awachukue watoto wake wadogo pamoja naye, wala asiwaache nyuma katika jiji. Tena na awachukue katika likizo ya Desemba, shule zinapofunga mwaka. Na kwa kuwa taratibu za uhamisho, jinsi zinavyotendeka, mara nyingi humzuia kufanya hivyo hata akitaka, chama chetu kina wajibu wa kuwaendea waajiri na kuwadai wazirekebishe.

Ili tusiseme kwa ujumla tu, na tutwae mahali pamoja pawe mfano, napo ni Mzumbe. Mahali hapa pako chini ya milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Mvomero, zaidi ya kilomita 20 kutoka Morogoro mjini, nako kufika huiacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga. Hapana shaka wengi wa wasomaji wetu wanapajua. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilifungua hapo Chuo cha Serikali za Mitaa, kwa ajili ya kuwafundisha machifu, madiwani na makarani wa Serikali za wenyeji. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikafanywa Chuo Kikuu, ambacho leo kina kampasi nyingine Dar es Salaam na Mbeya. Ni watumishi wengi wa nchi hii ambao walipitia hapo kujifunza kazi zao.

Lakini aliyepajua Mzumbe kwa kusoma hakupajua kwa kulea. Mwanafunzi huenda na sanduku moja, hulala bwenini, hula kwa mama lishe au kantini, na mwaka ukiisha hujiondokea. Mzazi huuliza mengine kabisa. Maji ya nyumba yatoka wapi, na yakikatika hutekwa wapi? Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, nani atafungua mlango, na gari litapatikana kwa nani? Shule i hatua ngapi kutoka nyumbani, na barabara ipi hukatwa njiani? Mtoto wa darasa la awali akirudi mchana, ilhali baba na mama wangali ofisini, atakaa na nani? Mwanachama anayedhani kwamba anapafahamu mahali kwa sababu alipata stashahada yake pale, na aanze upya kuuliza kama mgeni.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba mji mdogo wa chuo huishi kwa kalenda mbili. Chuo kikuu chafungua mwaka wake Oktoba au Novemba, na shule za watoto zafungua Januari. Wanafunzi wakiwapo, mji hujaa: vyumba vyote vina watu, vibanda vya chakula vyawaka hata usiku, mashine za kunakili hazipoi, na bodaboda hupigania abiria. Wanafunzi wakifunga likizo ndefu, mji hupungua mara moja. Nusu ya vibanda hufungwa, muuza mboga hupunguza mafungu yake, na daladala hungoja abiria kwa muda mrefu. Mgeni aliyefika siku za wingi hudhani amekuja mahali pa kelele. Aliyefika siku za likizo hudhani amekuja jangwani. Wote wawili wamekosea, maana mahali ni pale pale.

Kalenda hizi mbili ndizo zinazomtia mashakani mtu atafutaye nyumba. Katika miji ya namna hii wenye nyumba wengi hujenga vyumba vya kupangisha wanafunzi, kimoja kimoja, kwa kuwa vyumba sita vya wanafunzi huleta fedha kuliko nyumba moja ya mtumishi mwenye mke na watoto wanne. Nyumba za chuo nazo aghalabu ni chache kuliko watumishi, na karani huwa wa mwisho katika orodha. Basi mtumishi anayefika Novemba na jamaa yake nyuma yake hukuta nyumba nzuri zimekwisha, akabaki na vyumba viwili vinavyotazamana na uwanja wa wanafunzi, ambapo muziki haulali. Halafu husema kwamba mji huu haufai kwa watoto.

Tungemshauri afanye hivi. Akipata habari ya uhamisho, na aende yeye mwenyewe kwanza, siku mbili au tatu, katika miezi ya Agosti na Septemba, wanafunzi wengi wanapokuwa makwao na vyumba vikiwa wazi. Na atazame nyumba kwa macho ya mtoto: uwanja una uzio au umeelekea barabara, choo ki ndani au nje, kisima kimefunikwa au ki wazi, madirisha yana wavu au hayana. Chini ya milima mbu ni wengi wakati wa mvua, na malaria haiogopi cheo cha mtu. Akiipata nyumba, na apatane na mwenyewe kwa maandishi, hata ikimpasa kulipa kodi ya mwezi mmoja au miwili kabla ya kuhamia. Kodi hiyo ni hasara, nasi hatukatai. Lakini ni hasara ndogo kuliko ile ya kuhama nyumba mara tatu katika mwaka mmoja na watoto mgongoni. Kisha, shule zikifunga Desemba, ndipo alete mizigo na watoto. Watapata wiki kadha za kuijua njia ya dukani, jina la jirani na mti wa kuchezea, kabla ya kuingia darasani Januari pamoja na wenzao, wala hawataingia peke yao katikati ya muhula, macho yote yakiwatazama.

Hapa tutaisikia sauti ya mwanachama akisema: "Kwa nini nihame na watu wote hawa? Garimoshi la umeme liko." Ni kweli. Tangu Juni mwaka 2024 garimoshi la reli mpya lafanya safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwendo uliokuwa ukimaliza nusu siku kwa basi, kwa sababu ya misongamano, sasa ni wa saa mbili au pungufu. Wako wenzetu walioona hapa wokovu wao. Huiacha jamaa Dar es Salaam, hupanga chumba karibu na chuo, huondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili au alfajiri ya Jumatatu. Hawahami nyumba, wala hawabadilishi shule, na mke haachi biashara yake.

Hatusemi neno baya juu ya reli hii, ambayo ni kazi kubwa ya nchi. Twasema tu kwamba hesabu ya wenzetu haikutimia. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, na kutoka hapo mpaka Mzumbe ni safari nyingine ya gari. Vivyo hivyo kutoka stesheni ya Dar es Salaam mpaka Mbagala au Goba. Mtu huyu hulipa kodi mbili, huwasha meko mawili, hununua unga mara mbili, na nauli kila juma. Mwisho wa mwezi posho yote ya cheo kipya imekwisha njiani. Na hayo ni ya fedha tu. Mtoto wa miaka minne hajui kilomita wala ratiba ya reli. Yeye huupima umbali kwa jambo moja: nani yuko nyumbani wakati wa kulala. Siku tano katika saba jibu ni lile lile, na hata Ijumaa baba akiingia amechoka, mtoto humpokea kama ampokeavyo mjomba aletaye zawadi. Mzazi akitaka kumkanya, hana nguvu, maana hakuwapo kosa lilipoanza. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nao hawakusema umleavyo Jumamosi.

Katika mambo haya twawasemea mabibi pia. Wanachama wetu wanawake ni wengi, nao huhamishwa vile vile. Mama akihamishwa, watu humwambia awaache watoto kwa bibi yao. Baba akihamishwa, huambiwa amwachie mkewe. Katika hali zote mbili hukumu ni moja: kazi ya Serikali yamtaka mtu mmoja, na watoto wapelekwe palipo na nafasi. Twaona ya kuwa hukumu hii haifai. Bibi ana hekima yake, lakini yeye amekwisha kulea wake.

Hofu ya pili, nayo ni kubwa kuliko ile ya nyumba, ni ya shule. Mzazi wa jiji husema, "Kule hakuna shule." Maana yake ni kwamba hakuna shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza karibu na nyumba, au ziko chache, na nyingine ziko Morogoro mjini. Shule za msingi za Serikali ziko, na zafundisha kwa Kiswahili. Tangu Januari 2016, kwa waraka wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa humo. Basi mzazi ana njia mbili: ampeleke mtoto katika shule ya jirani, au amtie katika gari la shule aende mjini kila siku.

Tumelipima jambo hili kwa uangalifu, maana hatutaki kumwambia mtu auharibu mustakabali wa mtoto wake kwa ajili ya maneno mazuri ya gazetini. Mtoto wa darasa la awali, la kwanza au la pili na asome karibu na nyumbani. Katika umri huo kazi yake ni kujua kusoma, kuandika na kuhesabu, na hizi hushikwa upesi kwa lugha aiotayo usiku. Mtoto wa miaka sita aamshwaye saa kumi na moja alfajiri, akasinzia garini kwenda, akasinzia garini kurudi, hujifunza kusinzia. Kiingereza atakihitaji, hilo halina ubishi, kwa kuwa shule za sekondari zafundisha kwa lugha hiyo. Lakini mzazi anayeishi penye chuo kikuu hakosi vitabu wala mtu wa kumfundisha mwanawe Kiingereza jioni.

Mtoto aliyekwisha kusoma mpaka darasa la tano kwa Kiingereza ni habari nyingine. Kumbadilishia lugha ya masomo miaka michache kabla ya mtihani ni kumrudisha nyuma pasipo kosa lake. Huyo na aendelee kwa lugha aliyoianza, hata ikiwa ni kwenda mjini kwa gari, kwani ana nguvu ya kustahimili. Vile vile mtoto aliye katika darasa la mtihani, mathalani la saba, hafai kung'olewa katikati ya mwaka. Na yule mwenye maradhi yanayohitaji daktari wa hospitali kubwa kila mara, mzazi wake na afuate shauri la daktari kabla ya shauri letu. Ama habari ya kuwatia watoto wadogo bwenini ili wazazi wafanye kazi kwa raha, Serikali ilikwisha kulikata neno hilo mwaka 2023, ilipokataza bweni kwa watoto wa darasa la awali mpaka la nne isipokuwa kwa kibali, nasi twaliunga mkono.

Liko neno lingine juu ya shule ambalo twalisema kwa upole, lakini hatuwezi kulinyamazia. Katika mji mdogo wa chuo shule ya Serikali yaweza kuwa na wazazi wenye elimu kuliko shule nyingi za wilaya nzima. Wako wahadhiri, wahasibu, wauguzi, makarani na wakutubi. Wazazi hawa wakikaa katika kamati ya shule, hesabu za shule husomwa mbele ya watu, choo kilichobomoka huandikiwa barua, na mwalimu asiyefika kazini huulizwa. Wakiwapeleka watoto wao wote mjini, shule hubaki na wazazi ambao wana akili na uchungu vile vile, lakini hawajui barua iandikwe kwa nani. Ndipo wenye elimu hurudi na kusema, "Mwaona? Shule haifai." Sisi ambao kazi yetu kila siku ni kuandika barua na kuzifuatilia mpaka zijibiwe tuna deni katika jambo hili, na deni hilo halilipwi kwa fedha.

Sasa na tuseme juu ya karatasi, kwa kuwa karani akishindwa karatasi atashinda nini? Kabla ya kuondoka, mzazi na aende kwa mwalimu mkuu achukue uhamisho wa mtoto kwa maandishi, pamoja na namba yake ya PReM, ambayo ndiyo humtambulisha mwanafunzi katika rejista ya mitihani ya taifa. Na ahakikishe, majuma machache baada ya kufika, kwamba jina limehamia katika shule mpya. Asingoje mwaka wa mtihani. Kadi ya kliniki ya mtoto aliye chini ya miaka mitano isifungwe katika sanduku la chini ya lori. Na ikae katika mkoba wa mama au baba, maana chanjo hazingoji mizigo. Cheti cha kuzaliwa vivyo hivyo. Kadi za bima na zitazamwe kama majina ya watoto wote yamo. Kisha na afike mapema katika kituo cha afya kilicho karibu, mtoto akiwa mzima, ajue mlango wa usiku ni upi, na ajue pia njia na gari la kwenda hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Anayeitafuta njia akiwa na mtoto mwenye homa amechelewa.

Tumekwisha kusema mengi ya hofu, na haki ni kusema ya faida. Mtoto akulia katika mji wa namna hii hupata vitu ambavyo jiji huviuza kwa ghali au halina kabisa. Huenda shuleni kwa miguu yake pamoja na wenzake. Mzazi hurudi nyumbani kabla jua halijatua, kwa kuwa ofisi i karibu, na zile saa mbili au tatu ambazo zingeishia katika msongamano wa Barabara ya Morogoro huwa zake na wanawe. Milima ya Uluguru iko mbele ya mlango, na mito yake ndiyo inayokwenda kuunywesha mji wa Dar es Salaam kwa njia ya mto Ruvu. Mtoto aweza kuona kwa macho jambo ambalo mwenzake wa jiji hulisoma katika kitabu cha jiografia. Huona pia watu wazima wakisoma. Mtoto anayepita kila siku mbele ya maktaba yenye taa usiku, akaona watu wa umri wa baba yake wamebeba daftari, haambiwi mara mia kwamba elimu haina mwisho.

Walakini zipo kuta mbili ambazo mzazi hana budi kuzitazama, asije akamjengea mtoto wake nyingine ya tatu. Ukuta wa kwanza ni kati ya chuo na kijiji. Watumishi wa chuo huja na kuondoka, na wenyeji wamewaona wengi. Mgeni asiyeamkia, anunuaye kila kitu mjini, asiyefika msibani, hupita kama alivyokuja. Uluguru ni nchi ya watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, wenye ardhi yao na taratibu zao, na mgeni mwenye adabu hujifunza ardhi ni ya nani kabla ya kulima bustani. Watoto wetu na wacheze na watoto wa Changarawe na vijiji vya jirani, wafundishwe kuamkia wakubwa kwa shikamoo pasipo kuuliza kwanza mkubwa huyo ana cheo gani.

Ukuta wa pili umo ndani ya chuo chenyewe, nao watuhusu sisi makarani. Katika jiji mtoto wa karani na mtoto wa profesa hawaonani. Katika mji mdogo huketi dawati moja, hucheza mpira mmoja, na siku moja mtoto wetu hugundua ya kuwa baba yake ndiye anayepeleka faili kwa baba wa rafiki yake. Baadhi ya wenzetu huogopa siku hiyo, wakawaficha watoto wao nyumbani. Twawasihi wasifanye hivyo. Mtoto hapungukiwi kwa kujua kazi ya baba yake. Hupungukiwa akimwona baba akiionea haya. Faili lisipofika mahali pake kwa wakati wake, hata profesa halipwi mshahara. Mtoto na aelezwe hivyo kwa utulivu, kisha aachwe acheze.

Linabaki pingamizi moja lenye uzito, nalo ni kazi ya mume au mke. Ikiwa mwenzi ni mtumishi wa Serikali, sababu ya kumfuata mwenza yajulikana katika maombi ya uhamisho; lakini twajua jinsi maombi hayo yanavyokaa mezani, miezi ikapita, jamaa imegawanyika. Ikiwa ana biashara, kuihamisha ni kuianza upya, na mji mdogo ambao wateja wake huondoka wakati wa likizo hauwezi kubeba kila biashara. Neno hili hatuna dawa yake ya mara moja. Twasema tu kwamba na lipimwe na wote wawili kabla ya jibu la uhamisho kuandikwa, wala mmoja asimletee mwenziwe habari iliyokwisha kukatwa.

Sasa twaja kwa wajibu wa chama. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zatambua ya kuwa mtumishi anayehamishwa ana mwenzi na watoto, na kwa hiyo zimetaja nauli zao, gharama za mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Kanuni ni njema. Shida ni wakati. Mtumishi aambiwaye aripoti ndani ya siku chache katika mwezi wa Machi, fedha zikifuata mwaka wa pili au wa tatu, hawezi kuwachukua watoto hata akipenda. Hukopa kwa riba, au huwaacha. Wanaowaacha "kwa muda mfupi" ndio wale tunaowakuta baada ya miaka mitano wangali na meko mawili.

Kwa hiyo twaleta mbele ya wanachama maombi matatu, tuyajadili katika matawi na kuyapeleka kwa waajiri kwa sauti moja. La kwanza, uhamisho wa mtumishi mwenye watoto wa shule za awali na msingi, ikiwa si wa dharura, uandikwe kabla ya mwisho wa Septemba, na tarehe ya kuripoti iwe Januari. Jambo hili halimgharimu mwajiri hata senti moja. La pili, fedha za uhamisho zilipwe kabla ya lori kupakiwa. Na ikiwa fedha hazipo, barua isitoke. La tatu, mwenzi akiwa mtumishi pia, maombi yake yashughulikiwe katika faili moja na kwa siku moja.

Lakini yako ambayo hatuna haja ya kumwomba mtu. Mwaka 1922 pale Tanga, Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika, walikuwamo Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni, watu ambao kazi iliwatoa makwao ikawakutanisha ugenini. Hawakungoja waundiwe umoja na mtu mwingine. Basi na kila tawi letu katika mji mdogo wa chuo lichague mwanachama mmoja awe mwenyeji wa wageni. Kazi yake iwe kujua nyumba zilizo wazi na kodi zake, kumpeleka mgeni kwa mwalimu mkuu na kituo cha afya, kumwonyesha soko na siku zake, na kumjulisha kwa jirani mmoja mwenye watoto wa umri ule ule. Kazi hii yataka jioni mbili na daftari la senti chache. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenye elimu na watoto wa shule ni faida kwa mji, akipokewa vema.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nyumbani, hayafai kuletwa katika chama cha kazi. Sisi twaona vingine. Mtumishi ambaye moyo wake uko Dar es Salaam tangu Jumatatu asubuhi hafanyi kazi ya Mzumbe, ingawa mwili wake umeketi mezani na jina lake limo katika kitabu cha mahudhurio. Mwajiri hupata nusu ya mtu, na mtoto hupata nusu iliyobaki siku mbili katika juma. Tukiyapata maombi yetu matatu, na matawi yakifanya sehemu yao, wote wawili watampata mtu mzima.

Matawi na yatuletee maoni yao kabla ya mkutano mkuu, na wale ambao wamekwisha kuhama na watoto wao katika miji ya namna hii watuandikie waliyoyaona, mazuri na mabaya, wapate kufaidika wanaofuata.